Tunapongeza Uzito, Hatuulizi Ulikotoka

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa na kilo 4.6, na picha ya mizani ilitangulia picha ya uso. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kabla hatujaambiwa jina lake, kabla hatujajua mama yake ameamkaje, ilikuja ile namba. Hongera zikamiminika. Baba mdogo aliyeko Mwanza akaandika kwamba sasa ukoo umepata beki wa kati. Mama mkwe wa mdogo wangu, mwenyeji wa Tanga na mpishi asiyejua ubahili, alijitwalia sifa zake bila aibu: ndiye aliyekuwa akimpelekea mkaza mwanawe uji wa maziwa, tende, wali wa nazi na chapati za kusukuma kila alfajiri, kwa hoja ambayo kila mjamzito wa nchi hii ameisikia, kwamba anakula kwa ajili ya watu wawili.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona. Nilipomvua mtoto nguo nimpake mafuta, mkono wa kulia haukufuata mwili. Wa kushoto ulirusha ngumi hewani kama ilivyo desturi ya vichanga. Wa kulia ulilala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma. Mdogo wangu akaniambia kwamba manesi wamesema ni uchovu wa safari, utaamka wenyewe.

Haukuwa uchovu. Kichwa kilikuwa kimeshatoka, mabega yakakwama nyuma ya mfupa wa nyonga, na katika zile dakika chache anazokuwa nazo mkunga kabla mtoto hajakosa hewa, mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka shingoni kwenda mkononi ilivutika. Yule mkunga sikumlaumu na wala simlaumu leo. Aliokoa roho kwa mikono miwili. Lawama zangu ziko kwenye ile miezi tisa ya nyuma, wakati hakuna mtu hata mmoja, nami nikiwamo, aliyeuliza mtoto anakua kwa chakula gani.

Maana dalili zilikuwa zimepanga foleni. Mdogo wangu alikuwa na miaka 34. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na kilo 4.1. Mama yetu anameza vidonge vya sukari tangu sisi tukiwa sekondari. Katika mimba ile alikuwa akiamka kukojoa mara nne kwa usiku, na akinywa maji utadhani ametoka kulima, nasi tukahitimisha kwamba ni mimba ya mtoto wa kiume. Tulipatia, lakini kwa bahati tu.

Kisukari cha mimba hakimpati mwanamke kwa sababu ya ulafi, na hili nalisema mapema kwa sababu ndilo la kwanza atakaloambiwa akigunduliwa. Chanzo chake ni kondo la nyuma. Mimba ikishavuka nusu, kondo humwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mzito kuitii insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli. Maumbile yana hesabu zake hapo: sukari ikichelewa kidogo kuondoka kwenye damu ya mama, mtoto anapata muda wa kula. Kongosho la mama nalo hujibu kwa kuzalisha insulini mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Kwa wanawake wengi linamudu. Kwa wengine, kwa umri, kwa urithi wa kifamilia, kwa uzito waliokuwa nao kabla ya mimba, linaelemewa, na sukari inaanza kupanda kimyakimya, mara nyingi kuanzia wiki ya 24.

Sasa angalia kinachotokea upande wa pili. Sukari huvuka kondo. Insulini ya mama haivuki. Mtoto anamiminiwa chakula ambacho hakukiagiza, na kongosho lake changa linalazimika kutengeneza insulini yake lenyewe ili kukabiliana nacho. Kwa mtoto aliye tumboni insulini ni mbolea. Mafuta yanajaa mabegani, kifuani na tumboni, ini linanenepa, kuta za moyo zinaweza kunenepa pia. Kichwa hakiongezeki kwa kasi hiyo. Ndiyo maana kichwa hupita, mabega yakabaki.

Maelezo haya hayakuandikwa jana. Mwaka 1824, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Heinrich Bennewitz aliandika tasnifu kuhusu mama mmoja katika mimba yake ya tano, mwenye kiu isiyokatika na sukari kwenye mkojo, ambaye mtoto wake mkubwa kupita kiasi alifariki katika uzazi. Alipokwisha kujifungua, ile sukari ikatoweka. Mwaka 1952 daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen akaeleza njia yenyewe: sukari ya mama inazaa insulini ya mtoto. Toka hapo, daktari aliyeambiwa kwamba kuna kilo 4.6 kwenye mizani alikuwa na swali la kuuliza. Simaanishi kwamba kila mtoto bonge ni mtoto wa kisukari. Wapo wanaorithi mifupa ya babu zao. Lakini swali halina gharama, nasi hatuliulizi.

Mkono ule ulikuwa sehemu ndogo ya hatari, na hili nililijua baadaye sana. Kitovu kinapokatwa, sukari ya mama inakatika kwa mkupuo mmoja, lakini insulini ya mtoto bado imejaa mwilini. Katika saa za mwanzo sukari yake inaweza kuporomoka hadi akatetemeka, akalegea, akashindwa kunyonya, na akiachwa hivyo ubongo ukaumia. Mtoto wa namna hiyo wageni humsifia: mtulivu, halii, analala tu. Manjano humpata kwa urahisi zaidi. Halafu kuna mapafu. Insulini nyingi huchelewesha yale mafuta laini yanayozuia vifuko vya hewa visigandamane, kwa hiyo mtoto wa kilo nne anaweza kuhema kwa taabu kama njiti. Unene wake unatudanganya kwamba amekomaa.

Kwa mama, njia za madhara ni zilezile tunazozisikia kila siku kwa majina mengine. Presha ya mimba na kifafa cha mimba humpata zaidi. Maji ya uzazi hujaa kupita kiasi, chupa ikapasuka kabla ya wakati. Anapasuliwa, au anachanika vibaya, au mfuko wa uzazi uliotanuka mno unashindwa kukaza na damu inamtoka. Na wako wanaopoteza mtoto tumboni katika wiki za mwisho bila onyo lolote. Hapo ndipo ugonjwa huu unapojificha. Kwenye vitabu vya takwimu tutaandika kutoka damu, tutaandika kifafa, tutaandika mtoto kuzaliwa mfu. Sukari haitatajwa, kwa sababu haikupimwa, na kwa kuwa haitajwi, tunaendelea kuamini kwamba ni ugonjwa wa wake za matajiri.

Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba ana hatari ya ziada. Sukari yake inakuwa juu katika zile wiki za awali ambazo moyo na uti wa mgongo wa mtoto vinaumbwa, kwa hiyo vilema vya kuzaliwa vinaweza kutokea. Huyo anahitaji daktari kabla hajapata mimba, na hayo ni ya makala nyingine. Wengi wa wenye sukari katika ujauzito ni wa kundi la mdogo wangu: walianza mimba wakiwa salama.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban mtoto mmoja kati ya sita wanaozaliwa hai duniani, karibu milioni 21 kwa mwaka, alikua katika mimba yenye sukari iliyopanda. Na hapa kwetu? Mwaka 1991 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Profesa Donald McLarty aliyejenga msingi wa tiba ya kisukari nchini, walichapisha utafiti waliofanya kwa wajawazito wa vijijini na hawakuona sukari ikiharibika kadiri mimba ilivyokua. Haikuwa kosa lao. Ndivyo wanawake wale walivyokuwa, waliolima, waliotembea, waliokula dona na maharage. Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao walitoa matokeo ya mjini na vijijini: asilimia 8.4 mjini, asilimia 1 kijijini. Ukitaka kujua bodaboda, soda ya kila mlo, kazi ya kukaa na chips za jioni vimetufanyia nini, soma namba hizo mbili kwa pamoja. Na kijiji cha leo, chenye soda dukani na pikipiki mlangoni, si kile cha 1991.

Picha ya kadi ya kliniki ya mdogo wangu ninayo kwenye simu. Alihudhuria mara tano. Kipimo cha VVU alipima na mumewe. Kaswende, malaria, wingi wa damu, vyote vimejazwa. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria, chandarua. Kwenye sukari kuna mkojo: mara mbili imeandikwa hakuna, mara tatu safu iko tupu, nafikiri kwa sababu vijiti vilikuwa vimekwisha. Hata vingekuwapo visingemsaidia sana. Figo hushikilia sukari isitoke mpaka ile ya kwenye damu ikaribie 10, kwa kipimo cha milimoli kinachosomwa na mashine zetu za kidole. Na figo za mjamzito hazitabiriki; mwingine anavuja sukari kwenye mkojo ilhali damu yake ni safi kabisa. Kwa hiyo kijiti kinaweza kumtisha asiye mgonjwa na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani akiwa na 9, akafikie uji wa maziwa.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Mama anafika asubuhi hajala, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, anapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, inatosha kimoja tu kufikiwa: 5.1 akiwa na njaa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya mbili. (Glukosi hiyohiyo ya unga ndiyo ndugu hununua dukani wampelekee mzazi leba ili apate nguvu. Nasi tulimpelekea. Pakiti mbili.)

Ninachokitaka ni kwamba kila mjamzito, wa zahanati na wa hospitali ya rufaa, apimwe sukari ya damu kati ya wiki ya 24 na ya 28, awe na dalili au asiwe nazo, kama anavyopimwa VVU. Sitaki tusubiri wale wenye sababu za hatari peke yao. Mdogo wangu alikuwa nazo zote na hakuna aliyezihesabu.

Najua nitakachojibiwa, na baadhi yake ni haki. Nesi mmoja kwenye zahanati ana wajawazito arobaini uani tangu saa moja asubuhi. Umwambie awakalishe saa mbili, wote na njaa, wengine wametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni? Mwanamke wa miezi sita ya mimba aliyefunga usiku kucha ataanguka njiani, na mwezi ujao hatarudi kliniki kabisa. Hoja hii haijibiwi kwa waraka wa wizara.

India waliikabili. Daktari V. Seshiah wa Chennai alipendekeza njia ya mkato ambayo serikali yao iliikubali: mama anafika amekula au hajala, anakunywa glukosi gramu 75, anapimwa mara moja tu baada ya saa mbili, na akifika 7.8 anaingizwa kwenye huduma. Wataalamu wanabishana kuhusu usahihi wake, na kweli inawakosa baadhi. Lakini katika zile saa mbili anapata mazungumzo ya lishe, anapimwa presha, anachomwa sindano ya pepopunda, anasubiri majibu yale mengine ambayo angeyasubiri vilevile. Kati ya kipimo kinachokosa baadhi na safu tupu kwenye kadi, sioni mjadala.

Kuna pingamizi la pili ambalo nalipenda zaidi kwa sababu lina kiburi cha haki ndani yake. Vile viwango vya 2013 vimetokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa wanawake zaidi ya elfu 25 katika nchi tisa. Ulifika Bangkok, ukafika Barbados, Hong Kong, Belfast. Haukugusa bara la Afrika. Kwa nini mwanamke wa Kigoma apewe jina la ugonjwa kwa mstari uliochorwa bila yeye kuwapo? Ni swali zuri. Lakini tazama walichokiona: hatari kwa mtoto ilipanda pole pole sambamba na sukari, pasipo ngazi wala ukuta popote. Mstari ni makubaliano ya watu. Mteremko ni wa maumbile, na sijaona sababu ya kuamini kwamba kondo la mwanamke wa Kigoma linafuata sheria nyingine. Kama tunataka mstari wetu, tuuchore kwa damu tuliyoipima.

Kuhusu fedha sitakaa sana. Mwaka 2004 nchi hii ilianza kumpa kila mjamzito hati punguzo ya chandarua. Tulifundisha manesi wa zahanati kupima VVU kwa tone la damu, tukabadilisha hatima ya maelfu ya watoto. Wakati ule pia tuliambiwa haiwezekani. Tofauti ni kwamba wafadhili walikuwa mlangoni, na sukari haina mfadhili mwenye haraka.

Linaloniuma zaidi ni jinsi tiba ilivyo ya kawaida. Australia mwaka 2005 walitoa matokeo ya wanawake elfu moja wenye kisukari cha mimba kisicho kikali: waliopata ushauri wa chakula, kupimwa sukari na insulini ilipohitajika, madhara makubwa kwa watoto wao yalishuka kutoka asilimia 4 hadi 1. Wengi hawafiki hata kwenye dawa. Ugali unabaki ila unapungua, mboga na maharage vinajaa upande wa pili wa sahani, soda na juisi ya pakiti vinaondoka, chai inanywewa bila sukari, na mama anatembea nusu saa baada ya mlo wa jioni. Anajichoma kidole: chini ya 5.3 akiamka, chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Ikishindikana kuna insulini, ambayo kwa vile haivuki kondo haimgusi mtoto, na kuna metifomini, ambayo huvuka lakini imetumika katika mimba kwa miaka mingi. Ila hakuna mjamzito anayejipikia peke yake. Kama mume anataka wali wa nazi na mama mkwe anauona ukosefu wa uji wa maziwa kuwa ni unyanyasaji wa mjukuu, ushauri wa nesi utaishia getini. Waume waliokuja kupima VVU wanaweza kuja kusikiliza habari ya ugali.

Na baada ya kujifungua? Hapo tunamtupa kabisa. Mtoto ana kadi yake, ana chanjo, anapimwa uzito kila mwezi. Mama anapewa mtori, anapewa supu ya pilipili manga, anafungwa tumbo, kwisha. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa karibu mara saba zaidi wa kupata kisukari cha ukubwani kuliko mwenzake, kwa hiyo anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na baada ya hapo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wiki ya sita yuko kliniki hata hivyo, amempeleka mtoto kwenye sindano. Wamekaa benchi moja. Anapimwa mmoja.

Hata mtoto hajamalizana na jambo hili. Miongoni mwa Wapima, jamii ya wenyeji asilia wa Arizona nchini Marekani, watafiti walilinganisha ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na waliozaliwa baada. Wa baada walipata kisukari kwa wingi zaidi kuliko kaka na dada zao. Damu ni ileile, nyumba ni ileile. Tofauti ilikuwa kwenye ile miezi tisa.

Mdogo wangu aligundua sukari yake miaka sita baadaye, kwa kidonda cha mguu kisichopona. Ilikuwa 17. Daktari alimuuliza kama amewahi kuzaa mtoto mkubwa, na yeye, kwa fahari ile ya zamani, akajibu ndiyo, wawili.

Kijana sasa yuko darasa la tatu. Mazoezi ya viungo yalimrudishia sehemu kubwa ya mkono, ila haunyanyuki kupita bega, kwa hiyo anaandika kwa kushoto na akicheza mpira hawezi kurusha wa kuingiza. Mwezi uliopita alinipa mfuko wa nailoni wenye karatasi zake nimtafutie cheti cha kuzaliwa. Ndani kulikuwa na kadi yake ya kliniki. Uzito wa kuzaliwa, 4.6, umezungushiwa duara kwa kalamu ya bluu, na pembeni yake, kwa mwandiko mzuri wa mtu ambaye siku hiyo alikuwa amechoka na amefurahi, pameandikwa: Hongera mama.